Nahodha Ambaye Sikumpima Macho

Lenzi za kupimia macho zifungeni ndani ya soksi. Soksi nzito, zile za sufi, si hizi nyepesi za kuvalia viatu vya shule. Najua siku hizi mnapewa masanduku ya plastiki yenye sponji iliyokatwa vizuri, kila lenzi na kishimo chake. Lakini sanduku hilo likiponyoka mara moja kutoka kwenye boti hadi kwenye mawe ya kisiwa cha Remba, sponji inabaki na lenzi zinakwenda. Mimi nilistaafu nikiwa na lenzi zangu zote isipokuwa mbili, na hizo mbili zilikanyagwa na mbuzi.

Mwalimu wenu aliniomba nije chuoni nizungumze nanyi. Nikamwambia magoti yangu hayapendi tena ngazi, afadhali niandike. Kwa hiyo naandika, hapa barazani kwangu Nyamasaria, malori ya Nairobi yakipita na kunitingishia meza. Mtanisamehe mwandiko.

Nilikuwa muuguzi wa macho kwa miaka thelathini na miwili. Sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa na zamu ya visiwani: kila miezi mitatu tunatoka Kisumu kwa gari, tunavuka kwa feri hadi Mbita, na kutoka hapo tunapanda boti kwenda Takawiri, Mfangano, Ringiti na Remba. Mara chache tulipitia Bondo kwenda Mageta. Wenzangu waliikimbia zamu hiyo. Mimi niliipenda, ingawa sijui kuogelea hata leo. Mimi ni mtoto wa mjini Kisumu. Babu yangu alikuja na reli kutoka pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa. Nimezaliwa ziwa likiwa mbele ya macho yangu na sijawahi kuliingia kupita magoti. Na Dholuo changu, lugha ya Waluo wa ziwani, ni cha sokoni: kinanunua samaki vizuri, lakini mazungumzo ya haraka yananipita kama upepo. Hilo la Dholuo lilinigharimu, nitawaambia namna gani.

Kwanza nimtaje aliyenifundisha. Alikuwa Bwana Wafula, afisa wa kliniki ya macho, mtu mrefu aliyenyamaza sana. Katika safari yangu ya kwanza, kule Takawiri, alinipa kazi ya kupima watu kwa ile chati ya herufi E. Akaja mama mmoja wa makamo akasema macho yanamsumbua. Nikamsimamisha umbali wa mita sita, akasoma mistari yote hadi wa chini kabisa. Nikaandika kwa fahari: macho mazuri. Nikamwambia arudi nyumbani, pengine ni uchovu.

Bwana Wafula alimwita kabla hajafika mlangoni. Akamuuliza, "Mama, unafanya kazi gani?"

"Nashona nyavu."

Akatoa sindano na uzi mfukoni, akampa. Mama yule alijaribu kutia uzi kwenye tundu mara tano, akanyoosha mikono mbali na uso mpaka mabega yakamuuma, akashindwa. Bwana Wafula akamvalisha miwani ya kusomea. Uzi ukapita mara moja.

Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Sista, hakuna mtu visiwani anayefanya kazi mita sita kutoka kwa kazi yake. Uliza kazi kabla hujauliza ugonjwa." Niliandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu, na nilipobadilisha daftari niliyaandika tena.

Chati yenyewe nayo ina vituko vyake. Mnajua mgonjwa anatakiwa aonyeshe kwa kidole miguu ya E inaelekea wapi: juu, chini, kushoto, kulia. Kule Mfangano, tulipokuwa tukipima kwenye madarasa ya shule, nilimpata mzee mmoja aliyekataa kunyoosha kidole, akasema yeye si mtoto. Akajibu kwa mdomo: "Hii inaangalia Homa Bay. Hii inaangalia Uganda. Hii inaangalia juu kwa Mungu. Hii inaangalia chini kwa samaki." Alipata zote. Waliokuwa kwenye foleni wakaupenda mtindo huo, na asubuhi nzima nikawa napima watu kwa Homa Bay na Uganda. Mchana tukahamia darasa la pili kwa sababu ya jua, chati ikatundikwa ukuta mwingine, na mimi nikaanza kuandika kwamba watu wote wameharibika macho ghafla. Ilinichukua wagonjwa wanne kugundua kwamba ni mimi niliyekuwa sijui Uganda iko upande gani wa darasa hilo.

Chekeni, lakini kumbukeni. Mgonjwa anayejibu tofauti na ulivyotarajia si lazima awe amekosea.

Sasa kuhusu upasuaji. Nyinyi mmeukuta umekuwa mwepesi. Mtu mwenye mtoto wa jicho anaingia asubuhi, anakatwa tundu dogo, anawekewa lenzi ndani ya jicho, kesho yake bandeji inatolewa na anaona. Nilipoanza mimi, jicho lilifunguliwa kama kopo. Lenzi iliyochafuka ilitolewa na hakuna kilichowekwa badala yake. Mgonjwa alilala chali siku nyingi, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa asigeuke. Akipona alipewa miwani minene kama kitako cha chupa ya soda, na bila miwani hiyo alikuwa haoni zaidi ya ukungu. Watu walioogopa upasuaji zamani hawakuwa wajinga. Walikuwa na sababu. Na sababu hizo walizirithisha watoto wao, ndiyo maana mtakutana nazo hata leo, katika mtu ambaye hajawahi kukanyaga hospitali.

Mtu wa namna hiyo alikuwa Mzee Okelo, na yeye ndiye kosa langu kubwa kuliko yote.

Mzee Okelo alikuwa nahodha wa boti iliyotubeba kutoka Mbita kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa mfupi, mpana, mikono kama magogo, na kila siku alivaa kofia ya sufi na miwani nyeusi. Tulimpenda kwa sababu hakuwa na haraka, na alilijua ziwa. Alikuwa na sharti moja tu: kuondoka alfajiri, kabla jua halijapanda. "Upepo wa mchana hauna adabu," alisema. Ni kweli, upepo wa mchana hauna adabu. Kwa hiyo sikuwaza zaidi.

Mke wake, Mama Awino, miaka ya karibuni alikuwa ameanza kusafiri naye kila safari. Alikuwa anauza mikate na sukari visiwani, na alikaa mbele kabisa, juu ya magunia yake, akiongea. Aliongea kuanzia Mbita hadi tunapofika, kwa sauti iliyoishinda injini, Dholuo cha haraka kisichokuwa na nukta. Mzee alikuwa nyuma ameshika mkono wa injini, anaitika, "Mm. Mm." Nilimhurumia. Nikafikiri, maskini, mtu huyu hana hata safari moja ya kimya. Kuna wakati nilitia pamba ya hospitali masikioni.

Safari ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya kurudi kutoka Remba. Tulikuwa tumekaa huko siku tatu, na nilikuwa na wagonjwa sita wa kupelekwa Kisumu kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, wote wazee. Wenzangu wawili walikuwa wametangulia jana yake na vifaa kwa boti nyingine. Mama Awino hakuwepo, alikuwa ameenda Asembo Bay kwa binti yake aliyejifungua.

Tulitakiwa kuondoka alfajiri kama kawaida, lakini mgonjwa mmoja, bibi aliyeitwa Nyanya Risper, alikataa kupanda boti hadi kuku wake wote wakamatwe na wakabidhiwe jirani. Kuku wa Remba hawakamatiki. Wanaishi kati ya mabati na mawe, na wana akili kuliko watu wengi niliowahi kufanya kazi nao. Kuku wa mwisho alipatikana karibu saa tano.

Mzee Okelo alikuwa amesimama kando ya boti muda wote huo. "Sista, hii jua itakuwa kali," alisema.

"Tuna maji ya kunywa, Mzee."

Akapanda, akavuta kamba ya injini.

Ziwa lilikuwa tulivu, linang'aa kama bati jipya. Mimi nilikaa katikati na wagonjwa, daftari la majina mapajani. Kusema kweli nilikuwa nafurahia kimya. Tulikuwa tumekwenda labda nusu saa nilipoona mtumbwi mbele yetu, watu wawili wanavuta nyavu. Mmoja akasimama akapunga mikono yote miwili. Nikafikiri ananisalimia, maana watu wengi visiwani walinijua. Nikainua mkono, nikampungia.

Akapiga kelele. Ndipo nikaona kwamba tunakwenda moja kwa moja juu yao.

"Mzee! Watu!"

"Wapi?"

Neno hilo bado nalisikia. Alikuwa anauliza wapi, na mimi nilikuwa naweza kusoma maandishi kwenye fulana ya yule mtu.

"Mbele! Mbele yako hapo!"

Aliizima injini, akausukuma ule mkono wa kuigeuzia kwa nguvu zote, boti ikageuka, lakini tuliugonga mtumbwi kwenye mkia. Mvuvi aliyesimama akaanguka majini. Wavu wao ukajisokota kwenye propela. Nyanya Risper akaanza kuomba kwa sauti. Mimi na mzee mmoja wa wagonjwa tuliinama, tukamkamata yule mvuvi kwa mshipi wa suruali, tukamvuta hadi akashika ubavu wa boti. Alitema maji, akavuta pumzi, kisha akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie:

"Okelo! Wewe ni kipofu?"

Nikageuka nyuma.

Miwani nyeusi ilikuwa imemtoka kwa ule mshtuko. Jua la saa sita lilikuwa linampiga usoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja nikamwangalia Mzee Okelo machoni. Mboni zote mbili zilikuwa zimeziba. Ya kulia ilikuwa ya kahawia, kama chai iliyotiwa maziwa kidogo. Ya kushoto ilikuwa nyeupe kabisa, kama punje ya mahindi iliyochemshwa. Maneno hayohayo nilikuwa nimeyaandika kwenye kadi za watu wasiohesabika. Na mwenye macho hayo jua kali humzidishia ukungu; ndiyo maana aling'ang'ania alfajiri.

"Mzee, unaniona?" nikamuuliza.

"Nakusikia."

Wale wavuvi wawili walikuwa jamaa zake wa mbali. Walitukana, wakakata wavu wao wenyewe kuifungua propela, kisha wakapiga kasia kurudi kisiwani kwa sababu mtumbwi ulikuwa umepata ufa. Sisi tukabaki katikati ya maji. Kwenye boti ile kulikuwa na watu wanane. Sita walikuwa wagonjwa wa macho, wa saba alikuwa nahodha, na wa nane, anayeona, hakujua kuendesha boti wala kuogelea.

Nyanya Risper akasema, polepole, "Kwa hivyo sisi tunapelekwa kufunguliwa macho na mtu haoni?"

Mzee mmoja akacheka. Kisha wote wakacheka, hata Mzee Okelo kidogo. Mimi sikuweza.

"Sista," Mzee akasema, "enda ukae mbele. Pale kwa mama."

Nilikwenda nikakaa mahali pa Mama Awino, na nilipokaa tu nikaelewa alichokuwa anafanya wakati wote ule mimi nikiziba masikio kwa pamba. Hakuwa anapiga porojo. Alikuwa anamwonyesha mume wake ziwa.

Injini ikawaka. Nikaanza kupaza sauti, "Kushoto! Hapana, kulia! Kushoto kidogo!"

"Usiniambie kushoto na kulia," Mzee akasema. "Niambie ni nini unaona, iko mbali namna gani, na kama inatembea ama imesimama. Hiyo ingine niachie mimi."

"Maboya. Meupe. Yako mbali kama kutoka mlango wa hospitali hadi geti."

"Mimi sijui geti ya hospitali yenu. Niambie kwa boti. Ni boti ngapi?"

"Boti kumi. Upande wa mkono wa kulia. Yamesimama."

"Sawa. Endelea hivyo."

Tulikwenda hivyo hadi Mbita. Nilipaza sauti mpaka koo likakauka: mtumbwi, gogo, magugumaji, boti kubwa inatoka kulia kwetu inatembea haraka. Mengine aliyajua bila mimi. Alijua tulipoupita mlango wa kati ya visiwa kwa namna mawimbi yalivyobadilisha mlio chini ya mbao. Aligeuza shavu kwenye upepo kama mtu anayesikiliza. Nilimwona ni hodari sana, na nilimwogopa, vyote kwa pamoja.

Tulipowashusha wagonjwa wote salama, nilibaki naye ufuoni.

"Mzee, kesho usibebe watu."

"Wang'a ber," akasema. Macho yangu ni mazuri. Kisha akaona haya kwa uongo wake mwenyewe, akaketi juu ya jiwe. "Sista, ukisema, umeniua. Mimi sina shamba. Niko na hii boti tu."

Nikamwambia njoo hospitalini, tutakufanyia upasuaji. Akatikisa kichwa. Mama yake alikuwa amefanyiwa zamani, yeye Okelo akiwa kijana. Akapewa miwani ile minene. Akaona mwaka mmoja, akafurahi, akaenda kufua nguo ziwani, akainama, miwani ikatumbukia. Walipiga mbizi siku mbili, hawakuipata. Hapakuwa na nyingine. Mama yake akarudi gizani, akakaa gizani hadi kufa, na alikuwa akisema ni afadhali asingeonyeshwa.

"Nipe siku kidogo nifikirie," akasema.

Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu siwaandikii ili mnisifu. Nilimpa. Nilimwambia leo ni Alhamisi, nakupa hadi Jumatatu uende mwenyewe kwa kamati ya ufuo, wale wanaosimamia boti, useme unaweka boti chini. Nilijiambia ni heshima kwa mtu mzima. Jumamosi akawabeba akina mama wa kanisa kwenda Takawiri, wakiimba, Mama Awino akiwa amerudi na amekaa mbele. Hawakupatwa na lolote. Lakini niliposikia Jumatatu, nilikaa sakafuni pale kliniki mbele ya wagonjwa. Kama boti ile ingezama, ningekuwa mimi niliyejua.

Siku hiyohiyo nikapanda gari hadi feri, nikavuka, nikaenda kwa kamati ya ufuo, nikasema. Boti ikavutwa juu ya mchanga. Mzee Okelo alikuwa amesimama hapo. Hakunitazama, au labda alinitazama akakosa kuniona. Sikujua ni lipi, na sikuuliza.

Baada ya wiki mbili Mama Awino alikuja kliniki yetu Kisumu. Hakuketi.

"Miaka tatu nimemwongoza," akasema. "Miaka tatu, Sista! Hata bata hajagonga. Wewe umekaa mbele siku moja ukaenda kumshtaki. Sasa anakaa kwa nyumba kama kiti. Watu wanampita tu."

"Alimgonga mtu, Mama."

"Kwa sababu mimi sikuwepo!"

"Na siku ukiugua?"

Nikatoa lenzi ya mfano, ile tunayoiweka ndani ya jicho, nikaiweka kwenye kiganja chake. Ni ndogo kama gamba la samaki. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ndiyo inaingia ndani?"

"Ndani kabisa. Haitoki."

"Haiwezi kuanguka kama ile ya mamake?"

"Haiwezi."

"Hata akipiga chafya?"

"Hata akipiga chafya."

"Hata boti ikipinduka?"

"Boti ikipinduka, Mama, itazama pamoja naye."

Akacheka bila kupenda, kisha akakasirika kwamba amecheka, akanirudishia lenzi yangu na kuondoka.

Ilichukua miezi minne. Sikupiga simu, sikutuma mtu. Bwana Wafula, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu, aliniambia nisimsukume: "Umeshamnyang'anya kitu kimoja. Mwache hiki akichukue mwenyewe." Asubuhi moja nikafungua mlango wa kliniki nikawakuta kwenye benchi, yeye na mkewe, na mfuko wa nguo. Alisema sentensi moja tu: "Nimechoka kupelekwa choo kwa mkono."

Daktari alianza na jicho la kulia. Kesho yake nilitoa bandeji mimi mwenyewe. Aliangalia dari, akaangalia sare yangu, kisha akainua mikono yake mbele ya uso akaigeuza na kuigeuza. "Kumbe hii kidonda ilipona ikaacha alama," akasema. Baadaye alitembea hadi dirishani akasimama hapo hadi chakula cha mchana.

Jicho la kushoto halikupona. Lile lilikuwa limeachwa muda mrefu mno. Mtoto wa jicho alikuwa ameiva kupita kiasi, presha ikapanda ndani ya jicho ikaua mshipa wa kuonea. Mzee alikumbuka: mwaka mmoja nyuma jicho hilo lilikuwa jekundu, lilimuuma wiki nzima, akameza vidonge vya maumivu na kuendelea na kazi. Nilikwenda nikatazama daftari langu la mwaka huo. Wiki ileile nilikuwa kwenye boti yake. Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwake, na begi langu lilikuwa na tochi.

Hiyo sikumficha. Nilimwambia. Alifikiri, akasema, "Na mimi nilikuwa na mdomo." Tuliishia hapo.

Watu huniuliza kama alifurahi. Alifurahi, ndiyo, lakini kwa namna yake. Alipofika Mbita aliizunguka boti yake mara mbili pale mchangani, kisha akamuuliza mkewe nani ameipaka rangi ya buluu. Mama Awino akamwambia imekuwa ya buluu miaka miwili, mkewe mwenyewe ndiye aliyeipaka, Mzee akiwa ameshika kopo. Mzee aliapa ilikuwa kijani. Hili liwekeni akilini: mtoto wa jicho wa rangi ya kahawia huila buluu mapema. Mgonjwa akibishana na wewe juu ya rangi ya shati lako, usibishane naye, chukua tochi.

Kamati ya ufuo iliniomba barua kuhusu macho yake. Niliandika nilichopima: jicho la kulia linaona vizuri, la kushoto halioni. Wakaamua anaweza kubeba mizigo lakini si abiria. Alibeba barafu, nyavu, magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani. Safari yangu iliyofuata tulipewa boti nyingine, na yeye alikuja kwenye zahanati ya Mbita tulipokuwa tunapanga vifaa, Mama Awino nyuma yake.

"Sista, ulinichukulia kazi," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na ukanipa jicho."

"Moja."

"Moja," akakubali. Akavuta kiti, lakini hakukikalia. Akakisogeza kwa mkewe. "Wewe umepima kila mtu kwa hii ziwa. Huyu ulimpima lini?"

Nilikuwa sijawahi kumpima. Mama Awino akaanza kubisha: yeye anaona, yeye ndiye alikuwa anaona kwa niaba ya watu wawili, ampishe mgonjwa wa kweli. Tukamkalisha kwa nguvu. Kwenye chati alisoma mistari yote. Nikampimia presha ya macho, ikawa juu. Nikarudia, ikawa juu tena. Nikaangalia ndani: mshipa wa jicho la kulia ulikuwa umeanza kuliwa kwenye ukingo. Nikamfanyia kipimo cha pembeni, nikisogeza kidole kutoka ubavuni. Alichelewa kukiona.

Hiyo ni glakoma, ugonjwa wa macho ninaouogopa kuliko mingine. Hauumi, haubadilishi rangi ya mboni, na mtu anasoma chati vizuri huku pembe za macho zinakufa. Kilichokufa hakirudi. Lakini tulikuwa tumeuwahi. Nilimweleza kwamba kwa matone kila jioni, maisha yake yote, anaweza kuzeeka akiona.

Mama Awino akanyamaza. Sikuwahi kusikia kimya chake kabla ya siku hiyo.

Tangu hapo sikumpima mgonjwa bila kumpima aliyemleta. Anayemshika mkono kipofu hakuna anayemuuliza. Anasimama mlangoni na mfuko, anajibu maswali ya mwenzake, anarudi nyumbani. Mwiteni aketi.

Mwezi uliofuata walikuja kliniki Kisumu, chupa ya matone imekwisha kabla ya wakati wake. Mama Awino alikuwa amepata tena sauti. "Huyu mtu ananimwagia dawa kwa mashavu! Kwa pua! Juzi kwa sikio!"

Nikamwambia Mzee anionyeshe anavyofanya. Alisimama juu yake, akainua chupa, akalenga kwa makini, tone likaanguka kwenye shavu. Mtu mwenye jicho moja hapimi umbali vizuri, na hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo, hata mimi.

"Mzee, usilenge," nikasema. "Weka mkono wa kushoto kwenye paji la uso wake kwanza. Utulie hapo. Halafu huu wenye chupa uuegemeze juu ya huo wa kwanza, ndipo uminye."

Mama Awino akainua uso. Mzee Okelo akaweka kiganja chake kipana kwenye paji la uso wa mkewe, akakiacha hapo muda mrefu kuliko nilivyomwelekeza. Kisha akaegemeza mkono wa pili, akaminya, na tone likaingia.